Februari, Mwezi wa Kujitakasa: Warumi wa Kale na Jiwe la Mpaka

Wapendwa wasomaji wetu, tafakari ya juma hili imetokana na swali tuliloulizwa nje ya kanisa, baada ya Misa ya tarehe 2 Februari, Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni. Waamini walikuwa bado wameshika mishumaa yao iliyobarikiwa. Kijana mmoja akatusogelea kwa heshima akasema: "Shikamoo Padre. Samahani, jirani yangu ananiambia kwamba sikukuu ya leo ni ya wapagani wa Roma, sisi tumeibadilisha jina tu. Tena anasema hata mwezi wenyewe umepewa jina la mungu wa wafu. Nimjibu nini?"

Tuliahidi kumjibu kwa maandishi, kwa sababu jambo lenyewe halimalizwi kwa sentensi mbili mlangoni pa kanisa. Na kadiri tulivyolichunguza, tumeona kwamba swali la kijana yule lina jibu fupi, na nyuma yake limejificha swali jingine, refu na gumu zaidi, ambalo halimhusu jirani yake bali linatuhusu sisi.

Tuanze na jina. Katika Kiswahili tumezoea kuihesabu miezi: Mwezi wa Kwanza, Mwezi wa Pili, na kuendelea. Mazoea hayo ni mepesi, ila yanatusahaulisha kwamba majina tuliyoyapokea kutoka kwa wageni yalikuwa na maana vinywani mwa wale walioyatunga. Wazee wa pwani wanalifahamu vema jambo hili, kwa kuwa wao huihesabu miezi ya mwandamo tangu kufunguliwa kwa saumu: Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu. Anayeutaja mwezi huo anaitaja saumu, hata kama fikira zake ziko sokoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mrumi aliyetamka Februarius. Alikuwa anataja kutakasika.

Varro, mwanachuoni wa Kirumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba februum ni neno la Wasabini, majirani wa Roma, na maana yake ni kitu cha kutakasia. Mshairi Ovid, aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, aliutengea mwezi huu kitabu kizima, cha pili, katika utenzi wake juu ya sikukuu za Kirumi uitwao Fasti. Anaeleza kwamba zamani vyote vilivyotumika kutakasia viliitwa februa: sufu ambayo makuhani waliiomba, nafaka iliyokaangwa ikatiwa chumvi, hata tawi la msonobari. Ni kweli kwamba baadaye Macrobius, mwandishi wa karne ya tano baada ya Kristo, anamtaja mungu Februus, mwenye mamlaka juu ya utakaso. Lakini hata katika maelezo yake neno la msingi ni lilelile. Kwa hiyo kijana wetu anaweza kumjibu jirani yake bila wasiwasi: Februari maana yake ni mwezi wa kujitakasa.

Kwa nini Warumi walijitakasa katika mwezi huu na si katika mwezi mwingine? Jibu liko katika kalenda yao ya kwanza. Mapokeo yao yalisema kwamba mwaka wa Romulus ulikuwa na miezi kumi tu, ukianza na Machi. Ndiyo maana Septemba, ambayo leo ni mwezi wa tisa, ina ndani yake neno la Kilatini la saba, na Desemba neno la kumi. Mfalme Numa Pompilius, kwa mapokeo hayohayo, ndiye aliyeongeza Januari na Februari. Waandishi wa kale, akiwemo Cicero, wanashuhudia kwamba zamani Februari ilikuwa mwezi wa mwisho wa mwaka. Ilikuwa basi siku za kufagia nyumba, kulipa madeni na kufunga hesabu, ili mwaka mpya ukute watu wakiwa safi.

Hata idadi ya siku zake inatueleza jambo. Warumi waliamini kwamba namba witiri ina heri na namba shufwa ina mkosi. Katika mwaka ule wa siku 355 uliohesabiwa kuwa wa Numa, kila mwezi ulipewa siku 29 au 31, isipokuwa Februari uliobaki na siku 28. Mwezi mmoja ulikubali kubeba namba yenye mkosi, nao ukawekwa kwa ajili ya wafu na miungu ya kuzimu.

Sasa tuje kwenye sikukuu zenyewe. Inayotajwa zaidi ni Lupercalia ya tarehe 15 Februari, na bila shaka ndiyo jirani yule aliyoisikia. Makuhani vijana walikusanyika penye pango liitwalo Lupercal, chini ya kilima cha Palatine, ambapo iliaminika mbwa mwitu jike aliwanyonyesha Romulus na Remus. Walichinja mbuzi na mbwa. Plutarch anasimulia kwamba vijana wawili walipakwa damu kwenye paji la uso kwa kisu kilichotoka kuchinja, kisha damu ile ikafutwa kwa sufu iliyolowekwa katika maziwa, na baada ya kufutwa ilikuwa lazima wacheke. Halafu walikata ngozi ya mbuzi vipande virefu, wakakimbia karibu uchi wakiwapiga watu waliokutana nao, na wanawake walijitokeza wapigwe kwa kuamini kwamba watapata uzazi. Ni katika sikukuu hiyo, mwaka 44 kabla ya Kristo, Marcus Antonius, akiwa mmoja wa wakimbiaji, alimpa Julius Caesar taji la kifalme mbele ya umati naye akalikataa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 15 Machi, Caesar aliuawa.

Sikukuu hiyo haikufa upesi. Mwishoni mwa karne ya tano, miaka zaidi ya mia moja tangu dola ya Kirumi iitangaze imani ya Kikristo kuwa imani yake, walikuwapo bado Wakristo mjini Roma waliotaka Lupercalia iendelee. Walidai kwamba magonjwa yameingia mjini kwa sababu ibada ile imepuuzwa. Aliyewajibu ni Papa Gelasius wa Kwanza, aliyeongoza Kanisa tangu mwaka 492 hadi 496, na ambaye kitabu cha kale cha maisha ya Mapapa kinamtaja kuwa Mwafrika kwa asili. Barua yake kwa mheshimiwa Andromachus ingalipo hadi leo. Ndani yake kuna hoja moja ambayo tunawaomba wasomaji waishike, kwa maana tutairudia. Gelasius anawaambia wakubwa wale, kwa maana hii: wazee wenu waliokuwa na vyeo walikimbia wao wenyewe, ninyi mnaona haya, mnawaachia watu wa chini wakimbie kwa niaba yenu. Kama kweli mnaamini kwamba mbio hizi zinaokoa mji, basi vueni nguo mkimbie wenyewe.

Wengi wameandika kwamba Gelasius aliifuta Lupercalia akaweka mahali pake sikukuu ya mishumaa, au sikukuu ya Mtakatifu Valentino. Barua yake haisemi hivyo. Haitaji mishumaa, haimtaji Valentino, na uhusiano wa Valentino na mapenzi ya vijana unaonekana kwa mara ya kwanza katika maandishi ya karne ya kumi na nne, zama za mshairi Mwingereza Chaucer. Kuhusu tarehe 2 Februari, hesabu yake haitoki Roma. Inatoka katika Sheria ya Musa, Walawi 12, inayotaja siku arobaini tangu mama ajifungue mtoto wa kiume, na katika Injili ya Luka 2, ambapo Maria na Yosefu wanapanda hekaluni na sadaka ya maskini, yaani ndege wawili. Hesabu siku arobaini tangu Noeli, utafika tarehe 2 Februari. Mwanamke msafiri aitwaye Egeria, aliyehiji Nchi Takatifu mwishoni mwa karne ya nne, aliikuta sikukuu hiyo Yerusalemu ikiadhimishwa siku ya arobaini baada ya Epifania. Kaisari Justinian aliiweka tarehe 2 Februari huko Constantinople mwaka 542, na Roma iliipokea kutoka Mashariki. Papa Sergius wa Kwanza, aliyeongoza tangu 687 hadi 701, ndiye aliyeagiza maandamano yake mjini Roma. Kati yake na Gelasius imepita karibu miaka mia mbili.

Hilo ndilo jibu fupi. Kijana wetu anaweza kuishia hapo, akarudi nyumbani na mshumaa wake kwa amani.

Ila sisi hatukuweza kuishia hapo. Tulipokuwa tukisoma juu ya mwezi huu tuligundua kwamba watu wote, wanaotushambulia na sisi tunaojitetea, tunabishana juu ya siku moja ya makelele, ile ya mbio na ngozi za mbuzi, na kuzipita siku kumi na moja za kimya zilizoizunguka. Nazo ndizo zenye mafundisho.

Tangu tarehe 13 hadi 21 Februari Warumi walikuwa na siku za wazazi, Parentalia. Katika siku hizo mahekalu yalifungwa, madhabahu hayakuwashwa moto, na ndoa hazikufungwa. Kila jamaa ilitoka mjini kwenda makaburini, kwa sababu Warumi walizika nje ya mji, kandokando ya barabara. Ovid anasisitiza kwamba wafu hawaombi makubwa. Anataja shada la maua, nafaka chache, punje za chumvi, mkate uliolowekwa katika divai, na maua ya urujuani yaliyotawanywa, vyote vikiwekwa juu ya kigae njiani. Siku ya mwisho, tarehe 21, iliitwa Feralia.

Hapa ndipo historia ya Kanisa inapotugusa sisi Waafrika. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, anasimulia habari za mama yake Monika alipofika Milano. Kwao Afrika ya Kaskazini Wakristo walikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Monika akaenda na kikapu chake kama alivyozoea. Bawabu akamzuia, akimweleza kwamba Askofu Ambrosi amekataza. Augustino anataja sababu mbili: walevi wasipate kisingizio, na desturi ile ilifanana mno na siku za wazazi za wapagani. Monika hakununa, wala hakusema kwamba wazungumzaji wa Kilatini cha Milano wanamdharau mama wa Kiafrika. Alikiacha kikapu, akaanza kwenda makaburini na moyo wa sala, na kile alichokuwa akikipeleka kwa wafu akawapa maskini kadiri alivyoweza. Tunaona hapo namna Kanisa lilivyozishughulikia sikukuu za kale. Upendo kwa waliotangulia ulibaki, chakula kikahama kutoka kaburini kwenda mkononi mwa mwenye njaa. Desturi nyingine zilikuwa ngumu kung'oka: mwaka 567 Mtaguso wa Tours, huko Ufaransa ya leo, ulikuwa bado unawakemea Wakristo waliowapelekea wafu chakula siku ya sikukuu ya Kiti cha Mtakatifu Petro.

Sikukuu hiyo ya Kiti cha Petro huadhimishwa tarehe 22 Februari, nayo imeandikwa tayari katika kalenda ya Kirumi ya mwaka 354. Kwa Warumi wa kale tarehe hiyohiyo ilikuwa Caristia, yaani sikukuu ya jamaa wapendanao. Angalieni mpangilio ulivyo. Jana walikuwa makaburini. Leo wanatoka kwa waliokufa, wanarudi kuwatazama waliobaki. Valerius Maximus, aliyeandika wakati wa Kaisari Tiberio, Kaisari yuleyule anayetajwa na Luka mwanzoni mwa mahubiri ya Yohane Mbatizaji, anaeleza kwamba karamu ile ilikuwa ya ndugu na wakwe peke yao, pasipo mgeni, ili kama kuna ugomvi katika ukoo, umalizwe mezani, mioyo ikiwa imechangamka. Ovid naye anawataja wanaotakiwa kukaa mbali na meza hiyo: ndugu asiye na wema, mama aliye mkali kwa wanawe, mwana anayehesabu miaka ya baba yake akingoja urithi. Tukiwa wakweli, tunawafahamu wote watatu.

Kisha tarehe 23 ilifika Terminalia, sikukuu ya Terminus, na Terminus ni jiwe la mpaka. Siku hiyo majirani wawili walikwenda penye jiwe linalotenga mashamba yao, kila mmoja akitokea upande wake, kila mmoja na shada lake na mkate wake wa sadaka. Madhabahu ya muda ilijengwa. Mama wa nyumba alileta moto kutoka jikoni kwake katika kigae. Mtoto wa kiume alitupa nafaka motoni mara tatu. Binti mdogo alitoa vipande vya sega la asali. Jiwe lilinyunyiziwa damu ya mwanakondoo au ya mtoto wa nguruwe, na mwisho majirani wakala pamoja. Sheria iliyohesabiwa kuwa ya Numa ilisema kwamba anayeling'oa jiwe la mpaka kwa plau amelaaniwa, yeye na ng'ombe wake. Walisimulia pia kwamba hekalu la Jupita lilipojengwa katika kilima cha Capitoline, miungu mingine ilikubali kuhamishwa isipokuwa Terminus, naye akaachwa palepale ndani ya hekalu, juu yake paa likatobolewa ili aione mbingu.

Baada ya siku hiyo ya mpaka ndipo Warumi walipousahihisha mwaka wenyewe. Mwezi wa nyongeza, ulipohitajika kuirudisha kalenda katika majira yake, uliingizwa hapo. Julius Caesar alipoitengeneza upya kalenda, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo, siku ya ziada ya mwaka mrefu iliwekwa papo hapo kwa kuirudia siku ya sita kabla ya tarehe mosi Machi, yaani tarehe 24 Februari. Kanisa lilifuata hesabu hiyo kwa karne nyingi. Wazee wetu watakumbuka kwamba kabla ya kalenda mpya ya liturujia ya mwaka 1969, Mtakatifu Matia Mtume aliadhimishwa tarehe 24 Februari, na katika mwaka mrefu tarehe 25. Leo tunamwadhimisha tarehe 14 Mei.

Sasa tuzitazame siku hizo kwa pamoja, jinsi zinavyofuatana: kwanza waliokufa, halafu ndugu walio hai, halafu jirani penye mpaka, na mwisho hesabu ya mwaka inasahihishwa. Hatudhani kwamba mtu mmoja alikaa akazipanga kwa hekima hiyo. Sikukuu hizi zilikua polepole kama vichaka. Lakini mkulima wa Kirumi aliyezipitia zote, mwaka baada ya mwaka, alijifunza kwa miguu yake kwamba utakaso una njia ya kupita. Unapita kaburini, unapita mezani kwa jamaa, unapita penye jiwe la mpaka. Mwezi hauwi wa kujitakasa kwa sababu tu umepakwa damu usoni na kuipangusa kwa maziwa.

Hapo ndipo tunapotaka kutoa maoni yetu, nayo tunayatoa tukianza kujishtaki wenyewe.

Jumatano ya Majivu huangukia kati ya tarehe 4 Februari na tarehe 10 Machi. Mara nyingi basi inatukuta ndani ya mwezi huu; mwaka 2024 iliangukia tarehe 14 Februari. Siku hiyo kanisa hujaa kuliko Jumapili nyingi. Wanakuja hata wale tusiowaona tangu Noeli. Wanapakwa majivu na kutoka wakiwa wameridhika.

Tunawafahamu ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja. Habari yao haitoki katika kitubio, la hasha. Inajulikana katika jumuiya nzima na imesikilizwa barazani mbele ya watu. Baba yao aliwagawia shamba kabla ya kufa. Miaka michache baadaye mkubwa aling'oa miti ya mpaka, akapanda migomba yake hatua kadhaa ndani ya sehemu ya mdogo. Mdogo naye usiku mmoja akaikata migomba ile. Tangu hapo hawasalimiani. Kila Jumatano ya Majivu wote wawili wanakuja, mmoja katika mstari wa kulia, mwingine katika mstari wa kushoto, na mama yao mzee ameketi benchi la katikati. Kwa miaka kadhaa tulimpaka majivu mkubwa, tukampaka mdogo, tukaenda zetu sakristia kunawa mikono. Mwaka mmoja mama yule alitungoja nje. Hakulalamika. Alituuliza tu: "Baba Padre, unawapaka wote wawili?"

Hatukuwa na jibu. Hata sasa, tunapoandika, hatuna jibu zuri.

Tunaikumbuka hapa hoja ya Gelasius. Wakubwa wa Roma walitaka mji utakasike, ila miguu ya kukimbia iwe ya watu wengine. Nasi twataka kutakasika, ila kazi ya kutakasika tumemwachia Padre na majivu yake. Tunakuja na paji la uso, na miguu tunaiacha nyumbani, hasa miguu ile ambayo ingetupeleka hatua mia moja hadi kwa ndugu yetu. Bwana wetu katika Matayo 5 ameshaliweka jambo hili wazi: mtu akumbukapo madhabahuni kwamba ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana. Na Kumbukumbu la Torati 27 inamhesabu anayesogeza mpaka wa jirani yake miongoni mwa waliolaaniwa, katika orodha moja na anayempotosha kipofu njiani. Maandiko yetu yalikuwa yamelisema hilo bila kuhitaji jiwe la Terminus.

Huenda mmoja wenu akatuuliza: Padre, sasa umekuwa mwalimu wa upagani? Hapana. Jiwe la mpaka si mungu, na damu ya mwanakondoo wa jirani haiondoi dhambi ya mtu. Mwanakondoo ni mmoja. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake Nostra Aetate la mwaka 1965, umetufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine. Wasomaji wetu wa Kilimanjaro wanalielewa jambo hili pasipo kufundishwa na Mrumi yeyote. Kwao mmea wa sale hupandwa mpakani mwa shamba, na jani la mmea huohuo ndilo linalopelekwa kwa mtu uliyemkosea unapomwomba msamaha. Wazee wale walijua kwamba pale ambapo mpaka unapita ndipo msamaha unapohitajika zaidi. Itakuwa aibu kubwa ikiwa Mrumi aliyemwabudu Jupita, na mzee wa kale ambaye hakuwahi kuisikia Injili, walilifikia jiwe la mpaka na zawadi mkononi, nasi tuliobatizwa tunalifikia na panga.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Tusipoteze Februari yote tukibishana na majirani zetu kuhusu chimbuko la mishumaa. Tuwajibu kwa upole, kwa yale tuliyoyaeleza hapo juu, kisha tuwaache. Sisi wenyewe tuna deni kubwa zaidi na mwezi huu. Ikiwa kaburi la wazazi wako limeota magugu, nenda ukalisafishe, uwaombee, na fedha ambayo ungenunulia shada kubwa umpe mjane aliye jirani. Ikiwa kuna ndugu ambaye hajaketi mezani kwako tangu urithi ulipogawanywa, mwite. Usisubiri msiba uwakutanishe. Na ikiwa mpaka wa shamba lako unajua neno ambalo wewe hulisemi, nenda penye mpaka huo ukiwa na shahidi mmoja na moyo mnyenyekevu, ukaurudishe mahali ulipokuwa, hata kama baraza lilikupa ushindi.

Nasi mapadre tuna letu. Hatutamnyima mtu majivu, kwa sababu majivu ni ya wakosefu na sisi ni wa kwanza katika mstari huo. Lakini tumeazimia kutonyamaza tena. Kwaresima hii, kabla ya Jumatano ya Majivu, tutakwenda nyumbani kwa yule mkubwa na nyumbani kwa yule mdogo, kwa miguu yetu wenyewe, na tutawaomba watusindikize hadi penye mpaka. Tunawaomba mtuombee. Hatujui watatupokeaje. Huenda mmoja atatufungia mlango, huenda wote wawili. Ila mama yule anastahili kupata jibu akiwa hai.

Warumi waliuita mwezi huu kwa jina la utakaso, nasi twaendelea kulitamka kila tunapoandika tarehe. Mungu atujalie kulitimiza.

Tumsifu Yesu Kristo!